Volti Kumi na Nane

Alikuja nalo kalifunga kwa kanga ya mkewe,
gitaa jeusi, jembamba, lisilo na tumbo,
akalilaza mezani pangu kati ya feni ya Bi Asya
na redio tatu zinazongoja wenyewe.
"Fundi Mize, pikapu zangu zinakohoa."
Nikachungulia barabarani. Hapa Wete
pikapu ni ile ya kubebea magunia ya karafuu.
Faki akacheka, akanionesha chini ya nyuzi
visanduku viwili, vyeusi, vimezibwa kotekote.

Mgongoni, ndani ya kishimo cha ukubwa wa kiberiti,
ilikaa betri moja ya mraba.
Nikaichomoa, nikaigusisha ulimi
kama alivyonifunza baba kabla sijaijua mita:
uchachu, mwasho mdogo, ukwaju wa jana.
Nane na nusu, ulimi ukasema.
Nane nukta sita, ikasema mita.
Nikausamehe ulimi.

"Nikipiga taratibu huimba," akasema.
"Nikipiga kwa hamu, harusi imeshapamba moto,
sauti hugonga kitu huko juu, ikapasuka."

Mimi muziki siujui. Wimbi nalijua.
Nikamchorea nyuma ya bahasha ya bili ya maji
mlima, bonde, mlima,
kisha nikapiga mstari juu na mstari chini,
nikavifyeka vilele vyote.
"Hii nyumba yako. Dari yake volti tisa.
Mwimbaji wako mrefu, kila akisimama anajigonga."

Basi betri mbili. Si ubavu kwa ubavu,
hizo hupokezana mzigo tu, zikadumu.
Hizi moja impande mwenzake mabegani:
chanya ya huyu kwenye hasi ya yule,
na ncha mbili zilizobaki ndizo zipeleke habari.
Lakini kwanza nikafungua, nikauliza kila kijidude
kama kitaweza. Kapasita moja imeandikwa kumi na sita.
Hiyo ingepasuka kama bisi.
Nikang'oa nyingine, ya thelathini na tano,
kwenye televisheni ambayo mwenyewe hakurudi tena kuidai.

Waya mwekundu nimeshaushika, lehemu inayeyuka,
umeme ukakatika.
Umeme wetu huja chini ya bahari kutoka Tanga,
na siku nyingine hauji.
Lehemu ikaganda nusu njia, kijivu, chakachaka,
kiungo cha kudanganya macho.
Nikaitoa sandukuni pasi ya baba,
kipande cha shaba na mpini wa mpera,
isiyojua plagi ni nini,
nikaenda kuichomeka kwenye makaa ya Bi Time
chini ya chuma chake cha vitumbua.
"Usinitilie risasi kwenye unga wangu!"
Faki kasimama pembeni kashika gitaa
kama mwanamume aliyepewa mtoto wa watu.

Umeme ulirudi baada ya isha.
Akachomeka, akapiga uzi mmoja.
Uso ukamwanguka. "Mbona ni ile ile?"
Alitaraji radi, maskini.
"Sikukuongezea sauti," nikamwambia. "Piga kwa hamu."
Akapiga kwa hamu.
Ikapanda. Ikapanda mpaka pale ilipozoea kugonga,
ikapita.
Faki hakusema neno. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi,
huku kajikunyata, kama anayengoja kofi
na kofi haliji.

Akanilipa nusu. Nyingine mpaka karafuu zianikwe.
Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikimwambia,
ukimaliza chomoa waya,
gitaa hili likiachwa na waya wake halilali,
linakula betri usiku kucha.
"Nimesikia, fundi."

Siku ya tatu huyo, na ile kanga.
Nikaigusisha ulimi betri ya kwanza: maji ya mtungini.
Ya pili sikujihangaisha.
Tulitazamana.
"Sasa nanunua mbili mbili?" akauliza.
Nikafungua droo.