Magharibi ya Saa Nane u Nusu

Mama anashona kofia,
simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari.
Mimi ndiye mshika chaja.
Shekue anatokea, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
Trondheim nzima nyuma yake
ni dirisha moja jeusi tititi.

"Huko usiku?"
"Magharibi, Mama. Jua limetua saa nane u nusu."
Sindano inasimama.
Hapa Langoni saa nane u nusu
hata punda husinzia wima.

Anasimulia mengine harakaharaka, kama anayelipa deni:
rafu ya friji yenye jina lake,
limekosewa, ameliacha;
alivyojifungia nje na soksi, ufunguo ndani,
kijana wa Vietnamu akampa ndara za waridi,
wakacheka bila lugha;
profesa anayetaka aitwe jina lake tupu,
naye ulimi unagoma, anamwita "Samahani."
Mkate anaukanda mwenyewe.
Wa mofa?
La. Mkate tu.

Hasemi kama hulia. Mama haulizi.
Anahesabu kwa vidole, toka kwake hadi kwetu:
saa mbili.
"Siku si huanza magharibi?"
"Ndiyo, Mama."
"Basi kesho inakufikia wewe kwanza."
Anaung'ata uzi, unakatika.
"Itazame vizuri, mwanangu.
Ikiwa na ubaya, tupigie kabla haijafika.
Ikiwa njema, nyamaza,
tuione wenyewe."

Picha inaganda, mdomo wazi.
Nje jua bado kali.
Natoka kuanua nguo.