Mmea wa Pazi

Nilidhani bamia, nikaumwagilia,
kopo moja kila alfajiri, maji ya kuoshea mchele,
pale nyuma ya choo, Goba,
kati ya kisamvu na ukuta wa matofali
ambao baba yake hakuumaliza.

Vuli ikaja nusunusu. Mmea ukanipita mabega.
Pazi akaacha kulala mchana:
anainama, anapindua jani, ananusa, ananyamaza,
kijana ambaye hajawahi kunijazia hata ndoo.

Kisha ukachanua. Si ua la kuchomeka nyweleni:
vishada vya kijani, vinywele vyeupe, utomvu wa kunata,
na harufu, mama wee, harufu isiyojua adabu,
inaruka ukuta, inakaa kwenye kanga,
inawatangulia wageni kubisha hodi.
Nikachoma udi. Nikakaanga dagaa.
"Kwako kuna nini?" akauliza Bi Mwanahawa.
"Dawa ya mbu."

Vinywele vilipoanza kushika rangi ya kutu
niliung'oa usiku, peke yangu.
Mzizi mfupi kuliko hofu yangu.

Pazi kaamka, kasimama juu ya shimo,
hakuuliza.
Mjumbe akapita na daftari lake la hela ya taka,
akanipa mkono,
akaondoka akinusa kiganja.