Ulikufa Wapi?

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyuma ya fundi cherehani,
palikuwa na chumba cha gemu: televisheni mbili,
moja ikiona kila kitu kijani,
na pedi iliyofungwa plasta kama kidole kilichokatwa.
Shilingi hamsini, roho tatu.

Mimi nilikuwa msifiaji.
“Kali hii! Hatari! Haijapata kutokea!”
Nikifa, nalaani waya.

Mwantumu Hizza hakuwa na hamsini kila siku.
Alikaa juu ya kreti la soda akitazama vidole vya wenzake,
na jioni moja akasema, kama anayejisemea:
“Shimo la kwanza lina sakafu.”

Tukacheka. Kisha tukatazama.
Kweli. Ukidondoka pale hufi,
unapanda tena, umeaibika kidogo tu.
La pili halina sakafu.
Aliyeitengeneza alitufunza kuruka
kabla hajaanza kutuua,
wala hakuandika neno.

Chumba kile sasa kinauza makava ya simu.
Juzi nimekaa Chumbageni kuiandika gemu ile,
nikajaza kurasa tatu: harufu ya kachori,
mama akiniita kwa jina langu lote,
utoto, utoto, utoto.
Nikampelekea Mwantumu, ambaye siku hizi
anakagua mizani bandarini.

Akajibu: “Umeandika juu ya kachori.
Zilikuwa tamu, sikatai. Gemu je?
Ulikufa wapi?
Na kosa lilikuwa la nani?”

Nikaicheza upya, daftari pajani.
Hatua ya sita, darajani, popo huja
kutoka nje ya kioo, nawe umeshaacha ardhi.
Hakuna jicho lingemwona. Hilo si langu.
Hapo fundi alipunja,
na miaka ishirini nimemtetea
kama mtu anavyomtetea mjomba mlevi.

Lakini ile barafu ya hatua ya nne
(sisi barafu twaijua ya ukwaju tu),
niliyoitukana mpaka jirani akagonga ukuta:
kijitu huteleza vigae viwili, sikuzote viwili,
si kimoja, si vitatu.
Mimi ndiye sikuhesabu.

Nimefuta kurasa zote.
Nimeanza na shimo lenye sakafu.
Kachori nimeibakiza, mstari mmoja,
maana mafuta yake yalitelezesha kitufe cha kurukia,
na hilo, Mwantumu,
nalo ni ushahidi.