Punje ya Kumi na Tatu

Nilimwambia: chora saa.
Akaigeuza biki yangu kama anayekagua sindano,
akairudisha mezani polepole, isije ikamchoma.
"Saa ya nini, mwanangu? Mimi niliamshwa na kengele ya misa ya kwanza,
nikashuka Kadutu hadi ziwani gizani,
nikapanda na gunia la makaa kabla jogoo hajakohoa."
Nikaandika: sifuri.

Mia moja, nikasema, toa saba. Toa tena saba.
"Saba za nani? Nani amezichukua,
na atazirudisha lini?"
Sifuri.

Nikamwonyesha picha. Simba akamtaja.
Kifaru, akasema, ni ng'ombe aliyekosewa.
Kwa ngamia alicheka hadi kikohozi kikamshika:
"Na huyu naye amebeba! Nani alimfunga mzigo akasahau kumtua?"
Akagusa paji la uso, pale mkanda
ulipochimba mfereji wake kwa miaka thelathini na minne:
unga, saruji, ndizi za kasiksi kutoka Idjwi.
Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Jumla: tisa juu ya thelathini.
Karatasi ile ilitoka mbali. Ilizaliwa darasani
ikadhani kila mtu alizaliwa humo.
Nami nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili
kama sahani ya sadaka.

Binti yake, Nsimire, alikuwa amesimama mlangoni.
"Muganga, hapo umepima shule.
Yeye bado hujampima."
Nilifurahi, sitaficha. Nilitaka kuichana,
nimwambie Mama M'Birindwa: nenda nyumbani, u mzima.
Ningekosea mara ya pili.

Kwa sababu Nsimire hakuondoka.
Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua, akaikunja.
"Lakini," akasema,
kisha akatazama nje, kwenye mabati ya Cimpunda,
mvua ikiwa inaanza.

Miaka kumi na tisa mama ametunza likelemba,
wanawake kumi na watatu, bila daftari.
Punje za maharagwe ndani ya kopo la maziwa,
kila punje na mwenyewe: ya madoa, ya njano, iliyopasuka.
Haikupotea hata franka moja.
Mwezi wa pili alimpa Nzigire zamu mara mbili.
Nzigire alizirudisha usiku, amejitanda hadi machoni,
akasema ameziokota mlangoni.
Mwezi uliofuata, M'Lwaboshi.
Tangu hapo wanakutana kwanza kwa Nzigire,
wanapanga hesabu kwa sauti ya chini,
ndipo wanakuja kumsikiliza mama akiikosea,
na wanaitika wote: ndiyo, Mama, ni sawa.

Miezi minane.
Wanawake kumi na wawili wasio na cheti
walikwisha kumpima,
wakaona kunyamaza ndiyo dawa iliyo karibu.

Nikamtuma Nsimire akalete kopo.
Nikaigeuza karatasi upande usioandikwa
na Mama M'Birindwa akamwaga juu yake punje zake.
Mikono ile! Haikusita, haikutafuta.
"Hii ya Nzigire. Hii ya M'Lwaboshi, ana deni la Pasaka.
Hii ya yule wa sambaza, mume wake alivuka Ruzizi akanyamaza."
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Nikaanza kupumua.

Ikabaki moja, nyeupe, imelainika kwa kushikwa.
Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaizungusha,
akanipa mimi.
"Na hii," akauliza, kwa adabu, kama mgeni aulizaye njia,
"hii ni ya nani?"

Nsimire alisema mvua imezidi, tungoje kidogo.
Tukangoja.
Punje ilikuwa bado ina joto la mkono wake.