Kiti cha Kumi na Nne

Kazi yangu ni mifuko.
Kabla meli haijaiacha gati ya Fugang nishagawa mia na kumi;
saa moja baadaye nakusanya tisini,
imepigwa fundo, ya moto mkononi.
Miaka kumi na mmoja. Mkondo Mweusi
naujua kwa jinsi watalii wanavyonyamaza:
kwanza vicheko, halafu simu zinarudi mfukoni,
halafu kila mtu anakitazama kiatu chake.

Leo, kiti cha kumi na nne, kuna bibi wa kisiwani.
Kwao mtu akipata mjukuu
hulivua jina lake akavaa la mtoto:
yeye ni Syapen Manoyo.
Na Manoyo mwenyewe, miaka sita, huyo hapo,
uso rangi ya maji ya mchele.

Bibi hana papara.
Anafungua kitambaa, anatoa tangawizi,
nono, imefura vidole,
tope la shamba la magimbi lingali kwenye mikunjo.
Anakata duara moja,
anampandisha mtoto fulana,
anakibandika kitovuni kwa plasta.
“Hapa ndipo ulipofungwa kamba mara ya kwanza.
Chombo kisichofungwa ndicho kiyumbacho.”
“Inachoma!”
“Iache ichome. Kigegezi nacho kina moto wake.
Waache wapigane.”

Nikageuka, nikameza mate.
Hajui mtu, si nahodha Lo, si mke wangu,
kwamba kila safari
naufungua mfereji wa chooni utiririke kwa kelele
nisisikike.

“Wewe, mwenye mifuko.”
Hakuuliza kitu.
Alikishika kiganja changu kama anayepima samaki,
akahesabu vidole vitatu chini ya kifundo,
akabandika duara la pili.
Ukali ukanipanda puani, machozi yakanilenga,
na mimi, mtu mzima mwenye sare,
nikasimama pale mkono mbele
kama mtoto aliyepeleka kidonda kwa mamaye.

Sisemi nilipona.
Wimbi lilikuwa lile lile, lilitupandisha,
likatuacha hewani kidogo, likatudai.
Ila mkononi palikuwa na mahali padogo panapowaka,
nami nikapashikilia
hadi milima ya kisiwa ikaja dirishani.

Nilikusanya themanini na nane.
Wa Manoyo ulikuwa mkavu:
ameupuliza, akaufunga, akaufanya puto.
Wangu,
tuuache huo.