Usinifute

Lenzi si yangu. Ni ya Lushinge, mpiga picha wa mpira,
nzito kama mtoto wa miezi mitatu,
na kesho saa tano aipate mkononi
kabla timu hazijaingia Kirumba.
Elfu arobaini kwa usiku mmoja.
Mke wangu hakuuliza bei. Aliuangalia tu mfuko wa sukari
niliokuwa natoka nao mlango wa nyuma.
Nikamwambia: wa kuning'iniza kwenye stendi,
upepo wa ziwa usiitikise.
"Kilo tano," akasema. "Kwa ajili ya mwezi."

Nimepanda jiwe letu, lile tunaloanikia nguo,
Mabatini yote iko chini ya miguu yangu.
Mwezi una siku kumi.
Sikuutaka mpevu; mpevu ni sahani,
mwanga umeupiga usoni moja kwa moja, hauna siri.

Saa mbili, picha ya kwanza: mwezi unachemka.
Kingo zinacheza kama sarafu chini ya maji ya bomba.
Nikabana pumzi. Nikaweka sekunde mbili za kusubiri,
nikatoa mikono. Bado.
Ndipo nikaweka kiganja kwenye jiwe
nikajua. Kutwa limekunywa jua, sasa linacheua,
na bati kwa bati mlima mzima unapumua
kati yangu na mbingu.

Basi nikangoja.

Kule ziwani nako wanangoja.
Wenye taa za dagaa hawawashi kitu
mpaka mwezi utue.
Mimi nauomba ukae, wao wanauomba uondoke,
nao hausikii upande wowote, unatembea tu:
kila nikiuweka katikati ya kioo
unateleza pembeni, unatoka,
kama mtoto aliyeletwa kupiga pasipoti.

Saa tano kasoro, jiwe likapoa.
Nikaisukuma pete ya fokasi kwa ukucha,
nikapitiliza, nikarudi, unywele mmoja,
na hapo
(nimeuona mwezi maisha yangu yote, usinielewe vibaya)
hapo ulikuja na ngozi yake.
Shimo ndani ya shimo. Mikwaruzo. Ukingo uliomeguka.
Pale mchana wake unapogusana na usiku wake
kila kovu lilikuwa limesimama na kivuli chake.
Na ng'ambo ya mpaka, gizani kabisa,
kilele kimoja kimewaka peke yake
kama nyumba yenye jenereta siku ya mgao.

Studio yangu iko Mlango Mmoja.
Mchana kazi yangu ni kufuta.
Chunusi, makunyanzi, alama ya kuungua uji;
buku moja shavu, buku mbili uso mzima.
Bibi Minza alikuja kupiga picha ya kitambulisho,
uso wote ndui ya utotoni, na mimi bila kuulizwa
nikamlainisha akawa kama yai.
Aliishika ile picha dirishani, muda mrefu.
"Huyu nani?"
Nikatania: wewe, Bibi, ukiwa umelala vizuri.
Hakucheka.
"Ndui ilichukua wanne nyumbani kwetu.
Mimi ndiye risiti."

Nilimchapia nyingine, bure.
Sikuelewa, niliona aibu tu,
na aibu si kuelewa.

Picha mia mbili na kumi. Kali ni tatu.
Naikuza moja mpaka shimo moja linajaa skrini
na vidole vyangu, kwa mazoea ya mchana,
tayari viko kwenye kitufe cha kulainisha.
Naviondoa.

Mke wangu amepanda na kanga mabegani, anachungulia.
Ananyamaza kidogo.
"Nani kampiga hivi?"
Zamani, nasema. Zamani sana.
Anaifungua sukari kutoka kwenye stendi,
anaikung'uta sisimizi,
na kule ziwani, mwezi ukiwa umeinama,
mtu mmoja asiye na subira
amewasha taa yake.