Zamu ya Kidole cha Kati

Kidole cha shahada nimekiacha kwa sala;
leo natoboa cha kati.
Tone moja. Kimashine kinafikiri, kinasema
kumi na nne nukta mbili.
Vidonge vya saratani vimeamsha sukari,
na sukari, kaniambia Daktari Mbwarahaji,
ni futari ya vijidudu.

Damu yangu wiki hii haina askari.

Shangazi Zena kaja na halwa ya Langoni,
ingali moto ndani ya kijamanda.
Namjibu kwa tundu la dirisha:
iweke barazani, shangazi. Usinibusu.
Anacheka, kisha anajifuta kwa buibui.

Adhuhuri chungu wamekifikia,
mstari mmoja mweusi, hauna haraka.

Napima homa: thelathini na sita na nusu.
Nanawa tena.
Nagonga ukuta, naitisha chai.
Chungu.